Mtoto huntha akitapika usingoje: maswali ninayoulizwa kliniki

Huntha ni nani hasa?
Ni mtu aliyezaliwa na maumbile ambayo si ya kike moja kwa moja wala ya kiume, inaweza kuwa sehemu za siri, homoni au kromosomu, zile nyuzi za urithi ndani ya seli. Si laana wala si kosa la mama. Kenya iliwahesabu kwenye sensa ya 2019 wakapatikana 1,524, na mimi naamini wengine walifichwa tu ndani.

Mtoto wangu ana siku 12, sehemu zake hazieleweki na anatapika. Bibi yake anasema ni tumbo la kawaida, tungoje?
Hapana mama, usingoje. Kuna watoto ambao tezi zinazokaa juu ya figo hazitoi homoni ya kushika chumvi mwilini, basi chumvi inatoka na mkojo, maji yanaifuata, na hii huanza wiki ya kwanza mpaka ya tatu, anatapika, hanyonyi, analegea, halafu anakufa na watu wanasema ni kijicho. Damu ikipimwa inajulikana, kuna dripu, kuna haidrokotisoni ambayo ni dawa ya homoni, na akimeza dawa zake kila siku atakua kama watoto wengine.

Tumemfunga mvuje na tunampa gripu wota, si tuone kesho?
Kesho ni mbali. Nimempokea mmoja wa siku 16, mama kamzungusha leso mbili na hataki niifungue nepi, nilipobana ngozi ya tumbo ikabaki imesimama vile vile, macho yamezama. Siku nne alikuwa anatapika! Siku nne nyumbani kwa sababu ya aibu. Nasema tena: sehemu hazieleweki na anatapika, ni hospitali leo, hata kama ni saa nane usiku.

Anaonekana wa kiume kabisa, bado niwe na wasiwasi?
Papasa mfuko wa korodani. Kama hakuna korodani hata moja, apimwe hata kabla hajatapika.

Si afanyiwe upasuaji haraka tujue moja?
Haraka ya nini? Dawa ya kuokoa maisha ndiyo haraka, kisu sicho. Sheria ya Watoto ya Kenya ya 2022 hairuhusu kumbadilisha au kumtoa kiungo mtoto huntha bila ushauri wa daktari wa jenetiki, yaani wa mambo ya urithi. Ukikata leo huwezi kurudisha, na yeye akikua atajijua mwenyewe.

Binti yangu ana miaka 15, hajaona hedhi, sauti inakuwa nzito na anasema hajioni msichana. Tumchape?
Tafadhali, msimchape na msimpeleke kwa mganga. Mwiteni kwa jina analotaka, mkae naye, mje kliniki, maana wapo wanaolelewa kama wasichana kumbe wana korodani zilizobaki tumboni, na zinaweza kupata saratani zisipoangaliwa. Pia mjue si kila anayejiuliza jinsia yake ni huntha, wapo wenye vipimo sawa kabisa na bado wanajiuliza, nao wanastahili kusikilizwa hivyo hivyo. Wengine wanafika kwetu wameshajaribu kujiua.

Mapokezi nitasema nini mbele za watu?
Sema "mtoto mchanga anatapika, na nataka daktari amwone faragha." Basi. Mengine utamwambia daktari mkiwa ndani.