Je, wajua kwa nini muziki na tamthilia za Korea Kusini zimeenea duniani?

Mwaka 1994 baraza linalomshauri rais wa Korea Kusini kuhusu sayansi na teknolojia lilimpelekea Rais Kim Young-sam hesabu iliyowashtua wengi: mapato ya mwaka mmoja ya filamu ya Kimarekani, Jurassic Park, yalilingana na fedha ambazo nchi ingepata kwa kuuza nje magari milioni 1.5 ya Hyundai. Kwa taifa lililojivunia viwanda vyake, hesabu hiyo iliuma.

Miaka mitatu baadaye uchumi uliyumba, nchi ikalazimika kukopa kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa, na Kim Dae-jung, aliyeapishwa kuwa rais mwaka 1998, akaupa utamaduni nafasi miongoni mwa bidhaa za kuuzwa nje, jambo lililotiwa nguvu na sheria ya mwaka 1999 ya kukuza tasnia hiyo.

Hata hivyo, wanaodhani kwamba serikali ndiyo iliyolizaa wimbi hili wanaipa sifa isiyo yake yote, kwani serikali haitungi nyimbo. Sababu ya msingi zaidi, kwa maoni yangu, ni udogo wa soko la nyumbani. Korea Kusini ina watu takriban milioni 51, ilhali jirani yake Japani ni soko la pili kwa ukubwa duniani katika muziki, kwa hiyo kampuni za Seoul zilianza mapema kuwaandaa wasanii kwa ajili ya wageni. Mwimbaji wa Kikorea BoA, aliyetoa albamu ya kwanza mwaka 2000 akiwa na umri wa miaka 13 tu, alikuwa amefundishwa kuimba, kucheza na hata kuzungumza Kijapani. Mwaka 2002 albamu yake ikashika nafasi ya kwanza katika chati ya Oricon ya Japani.

Udogo huohuo ulizisaidia kampuni hizo mtandao ulipoingia. Kampuni nyingi za Japani, zilizokuwa zikiishi vizuri kwa kuuza CD nyumbani, zilizibania video zao, huku za Korea, zisizokuwa na mengi ya kupoteza, zikiziweka YouTube bila malipo. Ndiyo maana video ya kwanza kutazamwa mara bilioni 1 katika jukwaa hilo, Desemba 2012, ilikuwa ya Psy, mwanamuziki wa Kikorea aliyeimba kwa Kikorea.