Kumsafirisha Mtoto Mdogo kutoka Nakuru hadi Kando ya Ziwa Victoria: Maswali ya Wazazi na Majibu Yake

Shule zinapofungwa kwa likizo ndefu ya mwisho wa mwaka, familia nyingi zinazoishi Nakuru hufunga mizigo na kwenda kuwaona wazee huko Siaya, Vihiga, Busia, Homa Bay, Kakamega au Kisumu kwenyewe. Maswali yafuatayo ndiyo ambayo wazazi wenye watoto wa chini ya miaka mitano hutuuliza mara nyingi kliniki kabla ya safari hiyo. Nimeyapanga jinsi safari inavyokwenda: kutoka nyumbani, njiani, kule mnakofikia, na wiki zinazofuata mkisharudi. Sehemu hiyo ya mwisho ndiyo wazazi wengi huisahau, na ndiyo hasa iliyonifanya niandike.

Mtoto wangu ana miezi mitano. Je, anaweza kusafiri mwendo huo wote kwa siku moja?

Anaweza, mradi awe mzima wa afya siku ya kuondoka. Nakuru hadi Kisumu ni takriban kilomita 180, na ukijumlisha vituo vya kupumzika hupungui saa nne barabarani. Simameni angalau kila baada ya saa mbili ili anyonye, abadilishwe nepi na anyooshwe mgongo. Mtoto aliyeamka na homa au anayehara asipakiwe garini kwa matumaini kwamba atapona njiani. Kuahirisha safari kwa siku mbili si hasara.

Chukua kijitabu chake cha Mama na Mtoto, kwa sababu mhudumu wa afya asiyekujua ataanzia hapo. Weka pia pakiti kadhaa za ORS (chumvichumvi na sukari ya kurudisha maji mwilini mtoto anapohara), vidonge vya zinki, kipimajoto, na parasetamoli ya maji pamoja na kijiko au bomba lake la kupimia. Dozi ya parasetamoli hufuata uzito wa mtoto, miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo, wala haitolewi zaidi ya mara nne katika saa 24. Homa ya mtoto wa chini ya miezi mitatu haitulizwi kwa dawa ya nyumbani: huyo hupelekwa hospitali moja kwa moja.

Nikimpakata vizuri na kumshika kwa nguvu, si nitakuwa nimemkinga?

Hapana, na ningeomba kila mzazi alifikirie jibu hili kwa utulivu. Gari linapogonga kitu na kusimama ghafla, mwili wa mtoto huendelea kwenda kwa mwendo ule ule ambao gari lilikuwa nao. Hata kwa kilomita 50 kwa saa, mtoto wa kilo 10 huchomoka mikononi kwa nguvu ambayo hakuna mama wala baba awezaye kuizuia, hata angekuwa na misuli ya namna gani. Kumfunga pamoja nawe katika mshipi mmoja ni hatari zaidi, kwa kuwa uzito wako wote humkandamiza kwenye ule mshipi.

Mahali pa mtoto mchanga ni kiti chake maalumu, kilichofungwa nyuma ya gari huku uso wake ukielekea nyuma, ili mgongo wote upokee mshtuko badala ya shingo. Kiti cha namna hiyo kamwe hakiwekwi mbele palipo na mfuko wa hewa unaofanya kazi. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba vifaa vya kumfunga mtoto garini vinaweza kupunguza vifo vya watoto wachanga kwa asilimia 71. Bei ya kiti ni kubwa, nakubali, lakini kiti kimoja kinaweza kuazimwa na ndugu kwa zamu, mradi hakijawahi kuwa kwenye ajali.

Kwa wanaosafiri kwa matatu, kanuni zilizoanza kutekelezwa mwaka 2004, zile watu wanazoziita za Michuki kwa jina la waziri wa uchukuzi wa wakati huo, ziliagiza kila kiti kiwe na mshipi. Mtoto anayeweza kuketi mwenyewe mlipie kiti chake na umfunge, mshipi ukae chini kwenye nyonga wala si juu ya tumbo. Kondakta akikuambia umpakate ili abiria mwingine apate nafasi, kataa kwa heshima na usilegeze msimamo.

Jambo jingine linahusu mahali pa kusimama. Barabara kati ya Salgaa, Mau Summit na Londiani ina miteremko mirefu na malori mazito. Jioni ya tarehe 30 Juni 2023, lori lililopoteza mwelekeo katika makutano ya Londiani liliua watu zaidi ya 50, wakiwemo wachuuzi na abiria waliokuwa kando ya barabara. Kwa hiyo usimshushe mtoto ukingoni mwa lami ili ajisaidie au ununue karoti. Ingieni ndani kabisa ya kituo cha mafuta, na mtoto ashukie upande usio na magari, mkono wake ukiwa mkononi mwako kabla mguu haujagusa chini.

Binti yangu wa miaka minne hutapika kila tukisafiri. Nimpe dawa gani?

Kabla ya dawa, jaribu mambo rahisi. Kichefuchefu cha safari hutokea pale sikio la ndani linapoueleza ubongo kwamba mwili unatembea, huku macho yaliyokazwa kwenye simu au kitabu yakisema kwamba umetulia. Huwasumbua zaidi watoto kuanzia miaka miwili hadi kumi na miwili hivi. Mkalishe aone mbele kupitia kioo, mwondolee simu, fungua dirisha kidogo, na umpe chakula chepesi saa moja au mbili kabla ya kuondoka badala ya kumwacha na njaa au kumshindilia chai ya maziwa na mandazi. Dawa za kuzuia kutapika zipo, lakini nyingi hulevya usingizi na baadhi haziruhusiwi kabisa kwa walio chini ya miaka miwili, kwa hiyo mfamasia aelezwe umri na uzito.

Kutoka Mau Summit, penye takriban mita 2,500 juu ya usawa wa bahari, mnateremka hadi Kisumu penye mita 1,130 hivi. Masikio ya watoto huuma kwenye mteremko huo. Mkubwa apewe maji ya kunywa kidogo kidogo. Wa kunyonya akilia sana, simamisheni gari ndipo anyonye.

Njiani kuna mahindi ya kuchoma, njugu na miwa. Kipi ni salama?

Hindi lililotoka motoni sasa hivi halina neno kwa mtoto mwenye meno ya kutafuna, ila ale gari likiwa limesimama. Njugu karanga ndizo ninazoziogopa. Mtoto wa chini ya miaka minne hana magego ya kusaga vizuri, na gari likiruka tuta punje moja inatosha kuziba koo. Akipaliwa na kushindwa kukohoa wala kulia, mlaze kifudifudi kichwa kikiwa chini kidogo na umpige mara tano kwa kiganja katikati ya mabega. Ikishindikana, mtoto wa chini ya mwaka mmoja mgeuze umbonyeze kifua mara tano kwa vidole viwili, na wa zaidi ya mwaka mmoja mbonyeze tumbo juu ya kitovu mara tano kuelekea juu, kisha urudie hadi kitu kitoke au msaada ufike. Namba za dharura ni 999 na 112.

Maziwa ya mama yaliyokamuliwa hukaa saa nne nje ya friji. Maziwa ya kopo yaliyokorogwa yasizidi saa mbili. Bora ubebe maji moto kwenye thermos na ukoroge papo hapo.

Akilala, tunaweza kumwacha garini dakika chache tukinunua samaki?

Kamwe. Joto ndani ya gari lililofungwa juani hupanda kwa nyuzi 10 hivi katika dakika 10, na mwili wa mtoto hupata joto upesi mara kadhaa kuliko wa mtu mzima. Kuacha kioo wazi kidogo hakusaidii.

Babake alikulia Bondo, Siaya, bila chandarua na yu hai. Kwa nini mtoto wetu asiweze?

Swali hili huulizwa kwa uchungu kidogo, kana kwamba kumkinga mtoto ni kuidharau nyumba ya wazee. Sivyo. Anayekulia kando ya ziwa huumwa na mbu wenye malaria tangu utotoni, na wanaonusurika hujenga kinga ya kiasi fulani. Tusisahau kwamba wengine hawakunusurika. Nakuru iko juu, takriban mita 1,850, na baridi yake huwafanya wadudu wa malaria wasistawi. Mtoto aliyezaliwa hapa hana kinga hiyo hata chembe, na hata baba aliyeondoka Bondo miaka mingi iliyopita amepoteza sehemu kubwa ya yake. Malaria inayomletea binamu yake homa ya siku mbili inaweza kumletea yeye degedege na upungufu mkubwa wa damu.

Chanjo ya malaria ilianza kutolewa nchini Septemba 2019 katika maeneo yaliyochaguliwa ya kaunti za magharibi, kwa hiyo mtoto wa Nakuru kwa kawaida hajaipata, na aliyeipata bado anahitaji chandarua.

Naomba uitazame nyumba ya nyanya wakati wa Desemba. Vitanda vimejaa wageni, na watoto wote hulazwa sebuleni kwenye magodoro yaliyotandikwa sakafuni, binamu saba wakipokezana blanketi. Vyandarua viko vyumbani juu ya vitanda vya wakubwa. Pale sebuleni hakuna hata kimoja. Hivyo wasio na kinga ndio wanaolala bila kinga. Bebeni chandarua chenu chenye dawa, kamba na misumari minne. Kabla giza halijaingia, kinyanyue dhidi ya mwanga wa dirisha: matundu yataonekana yote, na yazibe kwa sindano na uzi. Kitundikwe chini chini, pindo lake likunjwe chini ya godoro pande zote, watoto wasigusane nacho, kwa maana mbu huuma kupitia matundu madogo ya kitambaa ngozi ikikiegemea. Mkwe akiona unafanya hivyo kwa watoto wote saba, hatasema unabagua.

Mbu wa malaria huuma zaidi usiku. Wakati wa hadithi za jioni nje, mvalishe mtoto suruali ndefu, soksi na mikono mirefu. Mtoto mwenye selimundu (sickle cell), na mama mjamzito, wamwone daktari kabla ya safari ili aeleze dawa ya kuzuia malaria inayowafaa.

Watoto wanataka kuogelea ziwani. Kuna ubaya?

Upo. Maji ya ukingoni mwa Ziwa Victoria, hasa penye majani na konokono, yana vijidudu vya kichocho vinavyopenya ngozi nzima isiyo na jeraha wala mkwaruzo. Mtoto mdogo anayekaa kwenye beseni mama akifua ziwani huambukizwa vilevile. Maji ya kumwogesha yachemshwe na kupozwa, au yawe yamekaa kwenye chombo kilichofunikwa siku mbili bila konokono. Kichocho kina dawa, prazikwanteli, lakini dalili zake huchelewa na wazazi hawazihusishi na likizo. Kuzama ndiko kunakoua upesi zaidi. Mtoto anayecheza karibu na maji awe na mtu mzima anayemtazama yeye tu.

Ameanza kuhara huko mashambani. Nianze na nini?

Anza na ORS saa hiyo hiyo. Soma pakiti, kwa kuwa nyingine ni za nusu lita na nyingine ni za lita nzima, kisha pima maji safi kwa chupa inayojulikana ujazo wake. Kila baada ya choo cha majimaji, wa chini ya miaka miwili apewe mililita 50 hadi 100, mkubwa zaidi 100 hadi 200, kwa kijiko. Akitapika, subiri dakika 10 uendelee polepole. Yaliyobaki yamwagwe baada ya saa 24. Zinki hutolewa kwa siku 10 hadi 14 hata kuhara kukikoma: miligramu 20 kwa siku, au 10 kwa aliye chini ya miezi sita. Kunyonya kuendelee. Macho yakizama, akilegea, akishindwa kunywa au kukiwa na damu kwenye choo, nendeni hospitali.

Tulirudi Nakuru wiki mbili zilizopita, na sasa ana homa. Huenda ni mafua tu?

Huenda, lakini apimwe malaria leo. Dalili za malaria huanza zaidi kati ya siku 10 na 15 baada ya kuumwa na mbu, mara chache kabla ya siku 7, na wakati mwingine wiki nyingi baadaye. Maana yake ni kwamba mtoto anaweza kurudi akicheza, aanze shule Januari, kisha aungue homa wakati mmekwisha kusahau safari. Hapa Nakuru, penye malaria chache, mhudumu aliyezidiwa na wagonjwa anaweza kufikiria kifua au koo kwanza. Kipimo ni tone la damu kutoka kidoleni na majibu hutoka kwa muda mfupi. Akipatikana nayo, dawa mseto humezwa mara sita katika siku tatu, pamoja na chakula au maziwa, na humalizwa yote hata homa ikishuka siku ya pili.

Degedege, kutapika kila kitu, kushindwa kunyonya, usingizi asioamka, kupumua kwa shida au viganja vilivyopauka ni dharura, hata kama ni saa nane za usiku. Na mkifika mapokezi, kabla hujaulizwa lolote, taja mlikolala na tarehe mliyorudi: "Tulikuwa Siaya siku kumi, tumerudi tarehe mbili."