Kikundi cha hisa si cha akina mama peke yao

Huku Mbeya na Njombe bado utasikia kwamba vikundi vya hisa, yaani vya kuweka akiba na kukopeshana, ni vya akina mama, baba kazi yake kuleta hela tu. Sivyo. Sheria ya Mtoto ya 2009 inawabebesha wazazi wote wawili wajibu kwa mtoto, na sanduku la fedha za kikundi halichagui mama wala baba: kwa kawaida funguo tatu kwa watu watatu, kila mwanachama hununua hisa 1 hadi 5 kila kikao, mkopo usiozidi mara tatu ya akiba.

Kinachowakwamisha akina baba mara nyingi ni kalenda. Mkulima wa viazi hushika fedha akivuna. Hisa ya wiki ikiwa kubwa, anaacha. Ipunguzeni, marejesho yafuate mavuno. Na kama kikaoni mnazungumzia pia malezi ya watoto, mazungumzo hayo yatangulie kabla sanduku halijafunguliwa. Likishafungwa, wengi wameshaondoka.