Kupima protini nyingi kwa mkupuo mmoja ni nini?

Damu ya mtoto mchanga ni kidogo mno, na hapo ndipo ugumu unapoanzia. Kwa kipimo cha ELISA, kinachopima protini moja kwa kutumia kingamwili na kilichobuniwa mwaka 1971, kila protini hudai kisima chake, yaani kishimo kidogo cha sahani ya maabara, na mara nyingi mikrolita 100 za sampuli iliyozimuliwa. Ukitaka protini 30, damu inaweza kuisha kabla ya orodha. Kipimo cha multipleksi hutumia kisima kimoja, mikrolita 25 hadi 50 hivi, na protini zote husomwa pamoja.

Mashine inajuaje ipi ni ipi? Njia iliyozoeleka ni ya shanga: punje za plastiki zenye kipenyo cha mikromita 6 hivi, ndogo kuliko seli nyekundu ya damu. Kila kundi hutiwa rangi mbili kwa uwiano wake lenyewe. Viwango 10 vya rangi moja kwa 10 vya nyingine huzaa makundi 100. Kisha kila kundi huvishwa kingamwili ya kunasa protini moja tu. Ukimimina sampuli, intalukini-6 hushikwa na shanga zake, TNF-alfa na zake (zote mbili ni protini za kuashiria uvimbe mwilini). Huongezwa kingamwili ya pili yenye alama inayong'aa, halafu shanga hupita moja moja mbele ya leza mbili. Leza moja husoma rangi ya shanga, yaani jina la protini. Nyingine husoma mng'ao wa alama, yaani kiasi chake. Nauona ubunifu mzuri ajabu.

Lakini kisima kimoja maana yake ni kuzimua kwa kiwango kimoja kwa protini zote, na protini za damu hazilingani hata kidogo. CRP, protini ya damu inayopanda wakati wa uvimbe, huhesabiwa kwa miligramu katika lita. Intalukini-6 kwa pikogramu katika mililita. Ukizimua ili CRP isomeke, intalukini-6 inapotea. Ndiyo maana protini hizo mbili kwa kawaida huwekwa kwenye paneli tofauti, yaani seti tofauti za protini zinazopimwa pamoja.

Pia kingamwili zikijazana hunasa visivyo vyake. Maabara makini hutia protini moja pekee kisimani na kuangalia: shanga za protini nyingine zikiwaka, paneli ina kasoro.

Kuna na hesabu. Ukilinganisha wagonjwa na wazima kwa protini 40, kwa kizingiti cha 0.05 (yaani kukubali uwezekano wa asilimia 5 wa kudanganywa na bahati kwa kila protini), tegemea mbili hivi zionekane tofauti kwa bahati tu. Kwa hiyo zinazojitokeza hupimwa upya, moja moja, kwenye sampuli za watu wengine.