Kwa nini lori la takataka hupotea mvua ikianza

Komini, yaani sehemu ya mji yenye utawala na bajeti yake, inapotaka kampuni ya kuizolea takataka, swali la kwanza huwa: kwa mwezi ni dola ngapi? Ni swali la haki, ila bajeti iliyojengwa juu yake peke yake haifiki mbali. Kinachotakiwa kuhesabiwa kwanza ni kazi yenyewe.

Tuchukue soko moja la hapa Lubumbashi, kwa tarakimu za mfano tu. Wakati wa kiangazi linajaza lori mara 2 kwa siku, siku 26 kwa mwezi: safari 52. Kwa dola 60 kila safari, ni dola 3,120 kwa mwezi, yaani 37,440 kwa mwaka. Mhasibu anaandika hiyo, anafunga daftari. Lakini kuanzia mwezi wa 11 hadi wa 3 soko si lile. Maembe yanaingia kwa magunia, kisha mahindi mabichi na maganda yake, lengalenga inaoza kabla ya jioni, na kila kitu kimelowa maji. Barabara ya kwenda jalalani nayo ni matope. Safari zikawa 3 kwa siku kwa miezi hiyo 5, zinaongezeka 130, sawa na dola 7,800. Gharama ya kweli ni 45,240. Usipoiandika, kampuni itachagua yenyewe siku za kutokuja.

Hapo pana jambo ambalo naona halipewi uzito unaostahili. Mwaka wetu wa fedha unaanza Januari na kuisha Desemba, na mvua inauangukia kwenye ncha zote mbili. Novemba na Desemba fungu la usafi limekwisha kuliwa. Januari bajeti mpya mara nyingine haijapitishwa. Kazi inakuwa kubwa kuliko wakati wowote, na ndipo sanduku linapokuwa tupu. Kugawa fedha ya mwaka kwa 12 ni kosa: sehemu ya miezi ya mwisho itengwe mapema, isiguswe, na ankara za Novemba na Desemba zisiachwe zikavuka mwaka.

Malipo nayo yana njia yake. Kwa taratibu za fedha za umma nchini, matumizi hupita hatua nne: kufunga fedha kwa ajili ya kazi, kuhakiki kazi na kiasi cha deni, kutoa amri ya kulipa, halafu kulipa kwenyewe. Hatua ya pili ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi. Kama hakuna karani anayesimama sokoni na daftari, akiandika saa lori lilipoingia, namba yake na kama lilijaa, ankara itasema tu “usafi wa mwezi”, na anayehakiki atasaini kitu asichokiona. Mshahara wa karani huyo uingizwe kwenye gharama ya huduma tangu mwanzo.

Usisahau pia kwamba mama wa soko analipa ushuru kwa faranga, na kampuni mara nyingi inadai kwa dola. Faranga ikishuka katikati ya mwaka, safari zilezile zinakula fedha nyingi zaidi. Mkataba useme wazi ni kiwango gani cha kubadilisha kitatumika, na bajeti iwe na akiba ya pengo hilo.

Sheria ya manunuzi ya umma ya tarehe 27 Aprili 2010 inataka kazi ishindaniwe kwa zabuni, na kupeana moja kwa moja kubaki jambo la nadra. Zabuni isiyotaja idadi ya safari, hata hivyo, inashindanisha makisio matupu.

Washauri wa komini walichaguliwa Desemba 2023, na kupima bajeti ni kazi yao. Waulizeni kabla haijapigiwa kura: safari ngapi za mvua, ngapi za kiangazi, na nani anaziandika sokoni.