Kanuni ya rangi katika nembo za ngao

Itazame ngao iliyo kwenye nembo ya taifa la Kenya. Juu nyeusi, katikati nyekundu, chini kijani, na kila rangi mbili zinapokutana umepita utepe mwembamba mweupe. Shuleni tulifundishwa kwamba weupe ule ni amani, na ni kweli. Lakini una kazi nyingine, nayo inatokana na kanuni ya rangi.

Kanuni hii ndiyo mhimili wa sanaa ya nembo za ngao iliyokua Ulaya tangu karne ya 12. Rangi zimegawanywa mafungu mawili. La kwanza huitwa madini: dhahabu, inayochorwa kwa njano, na fedha, inayochorwa kwa nyeupe. La pili ni rangi zenyewe: nyekundu, buluu, nyeusi, kijani na zambarau. Sharti ni kwamba madini yasikae juu ya madini, wala rangi juu ya rangi. Hapo kinachotafutwa ni kuonekana. Simba wa buluu juu ya ngao nyeusi humpotea mtu hata akiwa karibu. Mfanye wa njano, utamtambua kutoka ng'ambo ya uwanja.

Sasa rudi kwenye ngao ya Kenya. Mkanda mwekundu umelala juu ya nyeusi na kijani, yaani rangi juu ya rangi. Kingo zile nyeupe ndizo zinazouokoa. Bendera ya Tanzania nayo imefanya vivyo hivyo: mstari mweusi wa mshazari umezungushiwa njano ili usimezwe na kijani na buluu. Kwangu mimi, hakuna mfano ulio wazi kuliko huo.

Nembo pia huandikwa kwa maneno, na maandishi hayo huitwa blazoni. Huanza na uwanja wa ngao, yaani sehemu yake ya nyuma, kisha vilivyo juu yake. Ngao ya Kenya yaweza kuelezwa hivi: nusu ya juu nyeusi, ya chini kijani, juu yake mkanda mwekundu wenye kingo za fedha, na katika mkanda huo jogoo wa fedha aliyeshika shoka la fedha kwa mguu wa kulia. Kulia na kushoto kwa ngao huhesabiwa kwa upande wa aliyeibeba, si wa anayeitazama. Mchoraji yuko huru kumnenepesha jogoo au kumrefusha mkia; asichoruhusiwa ni kubadili kilichotajwa.

Maneno hayo yalikuwa na uzito wa mali. Mwaka 1385 Richard Scrope na Robert Grosvenor, wote Waingereza, waligundua kwamba wanabeba nembo moja: uwanja wa buluu, mkanda wa mshazari wa dhahabu. Kesi ya nani mwenye haki ya nembo hiyo ilichukua miaka, mshairi Geoffrey Chaucer akiwa miongoni mwa mashahidi, na Scrope akashinda.

Wapo waliovunja kanuni waziwazi. Maarufu zaidi ni nembo ya ufalme wa Yerusalemu, uliokuwa wa wapiganaji wa msalaba, yaani Wakristo waliotoka Ulaya kwenda kuuteka mji huo: misalaba ya dhahabu juu ya fedha.