Ruzuku ndogo ya jamii ni nini, na inamfaa nani?

Ruzuku ndogo ya jamii ni fedha, na pengine kifaa, ambayo mfadhili hukipa kikundi cha wananchi kwa kazi moja iliyotajwa, bila kudai irudishwe. Mfadhili anaweza kuwa serikali, ubalozi, shirika la kimataifa au mfuko wa humu humu nchini. Udogo wake unategemea umesimama wapi. Programu ya Ruzuku Ndogo ya GEF, yaani Mfuko wa Mazingira wa Dunia, iliyoanza mwaka 1992 chini ya UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa, kwa miaka mingi iliweka kikomo cha dola 50,000 za Marekani kwa mradi mmoja. Kwa watu wa mjini New York hiyo ni chenji. Kwa kikundi cha wavuvi kinachokutana chini ya mwembe, ni fedha inayoweza kujenga au kuvunja udugu.

Kwanza tuitenganishe na mkopo, maana hapa ndipo watu wengi huchanganya. Ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ambayo halmashauri za Tanzania hutenga kwa ajili ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, kwa mgawanyo wa nne, nne na mbili, ni mkopo. Haina riba, lakini inarudi. Uwezo Fund, mfuko wa serikali ya Kenya wa kukopesha vikundi, nayo inarudi. Kikundi kikiipokea kwa fikra kwamba hii ni hela ya serikali tu, kikagawana, kinakuja kushtuka barua za madeni zikianza kuingia. Ruzuku hairudi, ila nayo ina deni lake: unadaiwa risiti, taarifa na kazi yenyewe ionekane.

Sasa faida. Wengi hudhani faida ya ruzuku ni wingi wa fedha. Mimi naona faida yake kubwa ni kununua kile kitu kimoja ambacho michango ya wanakikundi haiwezi kukifikia. Tuchukue mfano wa kubuni, kikundi cha wanawake 20 wakulima wa mwani upande wa mashariki wa Unguja. Wanalima wenyewe, wanavuna maji yakipwa, wanaanika, kisha mwani mkavu unauzwa kwa kilo kwa bei anayokuja nayo mnunuzi. Wanajua kwamba mwani ukisagwa unga unaingia kwenye sabuni, na kipande cha sabuni hupangiwa bei na aliyekitengeneza. Kinachokosekana ni mashine ya kusagia. Kila mmoja anaweka shilingi 2,000 kwa wiki, yaani 40,000 kikundi kizima. Tuseme mashine ni milioni nne. Hesabu inasema wiki 100, karibu miaka miwili, na hapo hakuna aliyekopa kwa ada ya mtoto wala aliyefiwa. Nani amewahi kuona kikoba kikapita miaka miwili bila mtu kukopa?

Ruzuku ya milioni nne hapo haikuwapa kazi, kwa sababu kazi wanayo. Haikuwapa umoja pia, umoja wao una umri mkubwa kuliko ruzuku. Imewaondolea miaka miwili ya kusubiri. Ndiyo maana mfadhili mwenye busara huuliza kwanza kikundi kimekuwa kikifanya nini kabla ya kusikia habari za fedha. Swali la mnataka nini huja baadaye.

Kenya kuna mfano unaoonekana kila wikendi. NGAAF, mfuko wa serikali ya kitaifa wa kuinua makundi yaliyoachwa nyuma, unaofanya kazi kwa karibu na wabunge wawakilishi wa wanawake wa kaunti, hutoa ruzuku kwa vikundi, na mara nyingi huja kwa sura ya mahema na viti. Mtu wa nje anaweza kucheka: viti vya plastiki ndiyo maendeleo? Lakini harusi haziishi na misiba haiishi, na kila shughuli inahitaji hema. Kikundi kinakodisha Ijumaa, kinapokea hela Jumapili, viti vinaoshwa na kurudi stoo. Hakuna mafuta ya kununua wala fundi wa kuita kila mwezi. Shida huanza pale vikundi vitano vya kata moja vinapopewa mahema mwaka mmoja. Bei ya kukodisha inaporomoka na wote wanabaki na viti ndani.

Faida nyingine haitajwi sana, nayo ni makaratasi. Ili kupata ruzuku, kikundi kinatakiwa kiwe kimesajiliwa, kiwe na katiba, mihutasari ya vikao, akaunti ya benki yenye watia saini zaidi ya mmoja, na andiko la mradi lenye bajeti inayoeleweka. Nchini Kenya usajili huo sasa una sheria yake, ile ya mwaka 2022 kuhusu vikundi vya kijamii. Tanzania wengi huanzia kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata. Watu hulalamika kwamba ni usumbufu, na kweli kuna fomu zinazochosha hata msomi. Hata hivyo, kikundi kilichopita humo kinatoka na daftari la fedha linalosomeka, mweka hazina anayejua kulinganisha risiti na taarifa ya benki, na katibu anayeandika muhtasari ambao mtu mwingine anaweza kuufuata. Mama aliyekuwa akitunza hela kwenye kanga anajikuta anabishana na karani wa benki kuhusu makato, na anashinda. Ujuzi huo unabaki kwake hata kikundi kikivunjika.

Na mtu mmoja mmoja je? Mifuko mingi ya aina hii haimpi mtu binafsi fedha mkononi. Humfikia kupitia kikundi. Harakati ya kupanda miti ya Green Belt, aliyoianzisha Wangari Maathai nchini Kenya mwaka 1977, ilikuwa na utaratibu mzuri: fedha za wafadhili zilipita kwenye vikundi vya wanawake, na mwanamke alilipwa senti chache kwa kila mche uliopandwa ukashika. Tazama sharti hilo. Hakulipwa kwa kuhudhuria semina wala kwa kuchimba shimo. Ililipwa miti iliyo hai, kwa hiyo aliurudia mche wake kuumwagilia.

Ipo pia njia ya kumpa mtu fedha moja kwa moja. Kaunti ya Siaya, nchini Kenya, shirika la hisani la GiveDirectly lilitoa takriban dola 1,000 kwa kila kaya kwa zaidi ya kaya 10,000, kupitia simu. Watafiti waliofuatilia vijiji 653, vilivyopewa na visivyopewa, walikuta kwamba kila dola iliyoingia ilizalisha kama dola mbili na nusu katika uchumi wa eneo lile, na bei za vitu zilipanda kidogo mno. Aliyepewa aliezeka bati, fundi akalipwa, fundi akanunua unga, muuza unga akaongeza mzigo. Jirani ambaye hakupata shilingi naye alinufaika. Kaya hizo hazikupewa ruzuku ya kikundi, lakini mzunguko ni ule ule: fedha ikinunua vitu vya hapo hapo inawagusa wengi, ikienda yote kwa muuzaji wa mjini na kwenye posho za semina, kijiji kinabaki na picha ya pamoja.

Kuna mahali ruzuku hizi hushindwa, tena kwa sababu zinazojulikana. Nyingi hazilipi gharama za uendeshaji. Mpango wa Japani wa miradi midogo ya kijamii, kwa mfano, hujenga darasa au zahanati lakini haulipi mishahara wala umeme wa kila mwezi. Asipopatikana wa kubeba hilo, jengo linakaa na kufuli. Halafu fedha huja kwa awamu: taarifa ya awamu ya kwanza ikichelewa, ya pili haiji, na msimu wa mvua haungoji. Kisha kuna vikundi hewa, vilivyozaliwa wiki moja kabla ya tarehe ya mwisho ya maombi, vyenye mwenyekiti, mke wake na shemeji. Hivyo hupata fedha mara moja, na mfadhili akipita mwaka unaofuata hakuti hata kibao.

Kwa anayetaka kuomba, angalizo moja. Ukipata ujumbe unaosema kikundi chenu kimeteuliwa kupata ruzuku, tuma kwanza ada ya fomu au ya kufungulia faili, huo ni utapeli, hata kama una nembo ya ubalozi. Mwangalie pia yule anayejitolea kuwaandikia andiko kwa makubaliano ya asilimia fulani fedha zikitoka. Malipo hayo hayana mstari kwenye bajeti, kwa hiyo mweka hazina atalazimika kutafuta risiti ya uongo ya kuyafunika, na mkaguzi akija, jina litakaloulizwa ni lake.